Mshahara unaojihesabu wenyewe

Haya wasomaji, leo tuweke kando seva, hifadhidata na vita vya Linux dhidi ya Windows. Nataka tuzungumze juu ya fomula moja tu. Haikuandikwa na mtu wa programu. Iliandikwa na watu wa magari, Detroit, mwaka 1948, wakati ambapo kompyuta zote duniani ungeweza kuzihesabu kwa vidole. Ukiitoa kwenye lugha ya mawakili na kuiandika jinsi sisi tunavyoandika, inakuwa hivi:

nyongeza kwa saa = (fahirisi mpya ya bei − fahirisi ya zamani) ÷ 1.14 × senti 1

Basi. Fahirisi ya bei ni ile namba ambayo serikali ya Marekani huitoa baada ya kukusanya bei za mkate, viatu, kodi ya nyumba na kadhalika. Kwa mkataba wa mwaka huo kati ya General Motors na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, hesabu ilifanywa kila miezi mitatu. Fahirisi ikipanda pointi 1.14, kila mfanyakazi anaongezwa senti moja kwa saa. Ikipanda pointi 5.7, senti tano. Kwa wiki ya saa 40 hizo ni dola mbili, na msizicheke, kwa sababu wakati huo kibarua wa kiwandani alikuwa akipata dola moja na nusu hivi kwa saa. Wamarekani huiita COLA. Si ile soda.

Nimeipenda fomula hii kwa sababu ni rahisi kuifuatilia, kama faili moja ndani ya mradi mkubwa. Iliingizwa 1948. Ikawekewa kikomo 1967. Kikomo kikaondolewa 1970 baada ya mgomo wa siku 67. Ikazimwa 2009. Ikarudishwa 2023. Ukitaka kujua ni nani aliyekuwa na nguvu Detroit katika mwaka fulani, usisome hotuba, angalia tu fomula ilikuwa katika hali gani. Na swali lililo ndani yake ni moja: bei zikipanda, au mtu akizeeka, au akiugua, hasara ni ya nani? Ya mfanyakazi, ya kampuni, au ya serikali?

Turudi nyuma kidogo, kabla ya fomula.

Wengi wenu mmesikia habari ya Henry Ford na dola tano kwa siku. Alizitangaza Januari 1914, na magazeti yakamwita mwenye huruma kupindukia. Ukweli ni kwamba alikuwa na tatizo la kiufundi. Mwaka 1913 kiwanda chake cha Highland Park kilianza kutumia mkanda unaosogea, na muda wa kuunganisha fremu ya gari la Model T ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Ajabu kabisa. Ila kazi yenyewe ikawa ya kukaza skrubu ileile kutwa nzima, na watu wakakimbia. Mwaka huo wa 1913 waliokuwa wakiacha kazi walikuwa wengi kiasi kwamba Ford alilazimika kuajiri zaidi ya mara tatu ya idadi ya watu aliowahitaji. Dola tano zilikuwa za kuwazuia mlangoni.

Tena hazikuwa mshahara mtupu. Karibu nusu yake iliitwa mgao wa faida, na ili uupate ilibidi wakaguzi wa kampuni waje nyumbani kwako waangalie kama unakunywa pombe, kama nyumba ni safi, kama umeweka akiba, kama mke uliyenaye ni mke kweli. Nani aliyeshika fomula hapo? Tajiri peke yake. Aliweza kuibadilisha usiku na asubuhi ukaikuta mpya.

UAW iliundwa Agosti 1935, mwaka uleule ambao sheria ya Wagner iliwapa wafanyakazi wa Marekani haki ya kujiunga na chama na kujadiliana na mwajiri. Lakini sheria kwenye karatasi ni kama maelezo ya programu ambayo hakuna aliyewahi kuiendesha. General Motors ilikuwa na majasusi ndani ya viwanda, na mtu akionekana na kadi ya chama alifutwa.

Hapa ndipo penye sehemu ambayo watu wa mifumo wataielewa haraka kuliko wengine. Mwishoni mwa 1936 viongozi wa chama walijiuliza: kampuni ina viwanda vingi mno, na sisi wanachama wachache, tugonge wapi? Wakagundua kwamba zile kalibu kubwa za chuma za kukandamizia bati kuwa bodi ya gari zilikuwa katika sehemu mbili hasa, Cleveland, na kiwanda cha Fisher Body namba 1 mjini Flint, Michigan. Simamisha hizo mbili, na GM yote inakwama. Ni sawa na kampuni yenye kompyuta elfu kumi na seva mbili tu za majina.

Cleveland ikasimama tarehe 28 Desemba. Usiku wa tarehe 30 wafanyakazi wa Flint hawakutoka nje kushika mabango. Walikaa. Walilala juu ya viti vya magari ambavyo havijafungwa, wakafagia, wakapeana zamu, na chakula kikapitishwa madirishani. Ujanja wake ni kwamba ukigoma nje, kampuni inaleta watu wengine ndani, lakini ukigoma ndani, mashine zote zenye thamani ziko mikononi mwako. Tarehe 11 Januari 1937 polisi walikuja na mabomu ya machozi katika kiwanda cha Fisher namba 2, na waliomo wakajibu kwa maji ya mabomba ya zimamoto na bawaba za milango ya magari. Polisi wakarudi nyuma. Gavana wa Michigan, Frank Murphy, alituma wanajeshi, lakini akakataa kuwatumia kuwatoa wafanyakazi. Baada ya siku 44, tarehe 11 Februari, GM ikatia sahihi. Mkataba ulikuwa mfupi sana, karibu ukurasa mmoja, na haukutaja pensheni wala matibabu. Ulisema kwa ufupi kwamba kampuni itazungumza na chama. Kumbe hilo lilitosha. Chrysler ilifuata mwaka huohuo. Ford alishikilia hadi 1941, na kabla ya hapo watu wake wa ulinzi walimpiga Walter Reuther na wenzake mbele ya wapiga picha kwenye daraja la kuingilia kiwanda cha River Rouge, Mei 1937. Picha zile zilimharibia jina kuliko makala yoyote.

Reuther ndiye wa kumkumbuka. Baada ya Vita Vikuu vya Pili aliongoza mgomo wa GM uliodumu siku 113, kutoka Novemba 1945 hadi Machi 1946. Dai lake lilikuwa asilimia 30 zaidi, na bei ya magari isipande. Mkisema hamwezi, akawaambia GM, fungueni vitabu vya hesabu tuone. GM ikakataa kabisa. Mishahara ni jambo la kujadiliana, bei na vitabu ni vya wenye kampuni. Mgomo uliisha kwa senti 18 na nusu kwa saa, vitabu vikiwa vimefungwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siku muhimu kuliko zote katika hadithi hii, ingawa hakuna aliyeshangilia. Kuanzia hapo chama kiliacha kuuliza kampuni inaendeshwaje, kikawa kinauliza tu fungu letu ni kiasi gani.

Sasa fomula. Ilitoka kwa nani? Si kwa chama! Aliyeileta mezani ni rais wa GM, Charles Wilson. Alikuwa amechoka na migomo ya kila mwaka, na kiwanda kinachopanga modeli ya gari miaka mitatu mbele hakipendi kushtukizwa. Mpango wake ulikuwa na sehemu mbili: mshahara ufuate bei kwa fomula, halafu juu yake iongezwe senti 3 kila mwaka kwa sababu mashine mpya huongeza tija. Wakati mkataba huo unatiwa sahihi, Mei 1948, Reuther alikuwa akijiuguza, maana mwezi uliotangulia mtu alimpiga risasi kupitia dirisha la jikoni kwake na kuuharibu mkono wake wa kulia.

Wenzake wengi waliidharau. Mwaka 1949 bei zilishuka kidogo na mishahara ikashuka nayo senti chache, fomula haina upendeleo. Lakini tarehe 23 Mei 1950 pande zote zikatia sahihi mkataba wa miaka mitano mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, na mwezi uliofuata vita vya Korea vikalipuka. Bei zikaruka, na mishahara ya Detroit ikaruka nayo yenyewe, bila mkutano wala mgomo. Mwandishi Daniel Bell wa jarida la Fortune aliupa mkataba huo jina la Mapatano ya Detroit, kama vile ni mataifa mawili yaliyomaliza vita.

Ndani ya Mapatano hayo kuliingizwa kitu kingine. Nyongeza ya tija ikawa senti 4. Kukawa na pensheni ya hadi dola 125 kwa mwezi ukijumlisha ile ya serikali, na kampuni ikakubali kulipa nusu ya bima ya hospitali. Katika miaka ya 1960 ikafika kulipa bima yote, mpaka ya wastaafu.

Kwa nini kampuni ya magari ilipe daktari wa mzee aliyekwisha kustaafu? Swali zuri. Uingereza ilikuwa imeanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948. Rais Truman alijaribu bima ya taifa Marekani na bunge likamkatalia. Reuther mwenyewe aliitaka ya serikali na aliipigania hadi alipokufa kwa ajali ya ndege, Mei 1970. Alipokosa, akachukua kilichopatikana: akaifunga afya ya mwanachama kwenye kampuni yake. Aliamini kwamba matajiri wakiona mzigo unakuwa mzito, wenyewe wataenda Washington kuomba serikali iuchukue. Hawakwenda. Sisi waandika programu tunajua jambo hili. Kitu kilichopaswa kuwa huduma ya pamoja kinaandikwa ndani ya programu moja kwa sababu kuna haraka, na miaka hamsini baadaye hakuna anayeweza kukitoa bila kuangusha kila kitu.

Chrysler iliona mapema. Mapema 1950 wafanyakazi wake waligoma karibu siku 100, na ugomvi haukuwa juu ya kiasi cha pensheni. Kampuni ilikuwa tayari kuilipa, lakini kutoka mfukoni kila mwezi. Chama kilisema hapana, wekeni fedha kwenye mfuko sasa hivi. Siku 100 bila mshahara kwa ajili ya uhasibu! Lakini waliokuwa wakibisha walionekana wana akili mwaka 1963, Studebaker ilipofunga kiwanda cha South Bend, Indiana. Mfuko wa pensheni ulikuwepo, ila haukujazwa. Waliofikia miaka 60 na wenye miaka 10 kazini walipata pensheni yao kamili. Wafanyakazi kama 4,000 wa miaka 40 hadi 59 walipata takriban senti 15 kwa kila dola waliyoahidiwa. Waliobaki hawakupata kitu. Fikiria una miaka 59, umefanya kazi tangu ujana, unapewa senti 15. Kisa hicho kilisukuma sheria ya pensheni ya mwaka 1974, iliyoanzisha bima ya serikali kwa mifuko inayoanguka.

Nisipite bila kusema kwamba fomula haikujua nani yuko wapi. Senti zilikuwa sawa, lakini kazi hazikuwa sawa. Weusi wengi waliwekwa kwenye tanuri za kuyeyushia chuma na vyumba vya rangi, na kazi za ufundi wa juu zilikuwa za wazungu, huku chama kikijua. Mwaka 1968 vijana weusi wa kiwanda cha Dodge Main waligoma bila idhini ya chama na kuunda kundi lao, DRUM. Walikuwa wanaigomea kampuni na chama kwa wakati mmoja.

(Kwa wale wa Nairobi: jengo la makao makuu ya UAW huko Detroit linaitwa Solidarity House. Na la vyama vya wafanyakazi ambalo Tom Mboya alilitafutia fedha Marekani, akapewa dola 35,000 na shirikisho la AFL-CIO ambalo UAW ilikuwa ndani yake, nalo likaitwa Solidarity House.)

Kilele kilikuwa 1979, wanachama kama milioni 1.5. Kisha mteremko. Mafuta yalipanda bei, Wajapani wakaja na magari madogo yasiyoharibika, na Chrysler ikaokolewa na serikali kwa dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5, chama nacho kikikubali kupunguziwa. Halafu Wajapani wakaja wenyewe: Honda ikaanza kuunda magari Ohio 1982, Nissan Tennessee 1983, Toyota Kentucky 1988. Walilipa vizuri, hawakuwa na chama, na zaidi ya yote hawakuwa na mstaafu hata mmoja. Hapo ndipo mkataba wa 1950 ulipoanza kuuma.

Mnakumbuka mwishoni mwa 2008, GM na Chrysler zilipokwenda Washington kuomba pesa? Televisheni zilisema mfanyakazi wa Detroit analipwa dola 70 kwa saa. Nani asingekasirika? Tufanye kama tunavyofanya na namba yoyote ya ajabu, tuulize imetoka wapi. Mshahara wenyewe ulikuwa kama dola 28 kwa saa. Zile 70 na kitu zilipatikana kwa kuchukua gharama zote, pamoja na ovataimu, likizo, bima, na pensheni na matibabu ya wastaafu, kisha kugawanya kwa saa za watu waliobaki kazini. Mwaka 2007 GM ilikuwa na wanachama wa UAW takriban 73,000 kazini, na wastaafu pamoja na wajane wao kama 340,000. Sasa angalia kigawanyo. Ukifunga kiwanda leo na kuwafuta watu 10,000, zile dola 70 zinapanda, ingawa hakuna aliyeongezwa senti. Jamaa anayekaza bolti alikuwa akilaumiwa kwa dawa za babu yake.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mkataba wa 2007 ulikuwa umeshatenganisha mambo mawili. Matibabu ya wastaafu yalihamishiwa mfuko wa nje, pamoja na deni ambalo kwa GM lilikuwa karibu dola bilioni 50. Na waajiriwa wapya wangeanza na kama dola 14, nusu ya mwenzao aliye kando yake kwenye mkanda, bila pensheni ya uhakika. Gari moja, bolti moja, mishahara miwili. Chrysler iliingia mahakama ya ufilisi tarehe 30 Aprili 2009, GM tarehe 1 Juni. Sehemu kubwa ya fedha ambazo mfuko wa wastaafu ulikuwa ukidai ililipwa kwa hisa, asilimia 17.5 ya GM mpya na 55 ya Chrysler, na wazee wakapoteza bima ya meno na macho. Ile fomula ya 1948 ikazimwa pia. Haikupigiwa kelele sana, kwa sababu mwaka huo bei hazikuwa zikipanda.

Na kwa miaka kumi na zaidi haikukosekana sana. Chama chenyewe kilikuwa kwenye aibu zake. Marais wake wawili wa zamani, Gary Jones na Dennis Williams, walikiri makosa ya ulaji wa fedha za wanachama mwaka 2020 na wakafungwa. Kisha 2021 na 2022 mfumuko wa bei ukarudi Marekani kwa nguvu ambayo haikuonekana kwa miaka 40. Mkate ukapanda, mshahara ukakaa palepale, na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Charles Wilson wakaanza kuuliza ile COLA ilikwenda wapi.

Machi 2023 wanachama, wakipiga kura moja kwa moja kwa mara ya kwanza, walimchagua Shawn Fain. Tarehe 15 Septemba mgomo ukaanza, na kwa mara ya kwanza uligonga kampuni zote tatu pamoja. Haukuanza viwanda vyote. Vilichaguliwa vitatu, kimoja kwa kila kampuni, na vingine vikawa vinaitwa kidogokidogo bila kampuni kujua cha kesho ni kipi. Ni akili ileile ya kalibu za Flint. Wiki sita baadaye walipata asilimia 25 hadi 2028, muda wa kufikia mshahara wa juu ukashuka kutoka miaka minane hadi mitatu, na mshahara huo ukaelekea kupita dola 40. Fomula ikarudi.

Pensheni haikurudi. Walioajiriwa baada ya 2007 wanawekewa asilimia 10 kwenye akaunti zao za akiba, na soko la hisa likianguka mwaka wao wa kustaafu, hasara ni yao. Fain aliidai hadi mwisho na kampuni hazikusogea hata kidogo. Mkataba huo unaisha usiku wa tarehe 30 Aprili 2028, na Fain ameviomba vyama vingine vya Marekani vipange mikataba yao iishe siku hiyohiyo, ili asubuhi yake iwe Mei Mosi.